93 au 95? Mkweche wangu, petroli ya Jozi na ile risasi

Najua nimekuwa kimya, shughuli zimebana, lakini leo nina deni la kulipa. Wiki iliyopita mdogo wangu alikuja kunitembelea kutoka Dar. Nikampokea pale O.R. Tambo na mkweche wangu, Toyota Cressida ya mwaka 1987, ambayo wanaonifahamu wanaijua vizuri kwa sababu wengine wamewahi kuisukuma. Njiani tukaingia sheli. Hapa Sauzi huteremki garini, kijana wa pampu anakuja dirishani, anakusalimia, anauliza: tisini na tatu au tisini na tano? Nikamjibu tisini na tatu, jaza.

Mdogo wangu akaruka. "Kaka, gari la zamani hivi ndiyo unalipa mafuta ya chini? Si utaliua? Mzee angekuona!"

Hilo la mwisho ndilo lililoniingia. Marehemu mzee wetu alikuwa fundi magari Gerezani, na alikuwa na dini yake katika jambo hili: gari linapewa super. Regular ilikuwa ya watu wasiopenda magari yao. Alisema hivyo hata miaka ile ya shida, wakati kupata lita tano za chochote kulihitaji uwe na ndugu mahali. Basi pale sheli nilianza kumjibu mdogo wangu, kijana wa pampu akamaliza kufuta kioo, akapima oili, nikampa chochote, tukaondoka, na jibu likawa halijafika hata nusu. Tumelimalizia nyumbani usiku. Nimeona niliandike hapa, maana si mdogo wangu peke yake anayeamini alichoamini mzee.

Tuanze na ile namba. Watu wengi tunadhani petroli yenye namba kubwa ina nguvu zaidi, kama pilipili. Sivyo. Namba ya oktani inaeleza petroli inavumilia kubanwa kiasi gani ndani ya silinda kabla haijalipuka yenyewe bila kungoja cheche ya plagi. Ikilipuka kabla ya wakati wake unasikia injini inagonga, kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Ukiiacha igonge muda mrefu utatoboa pistoni. Lakini kama injini yako haigongi ukiwa na 93, hakuna ulichokosa. Ukiiwekea 95 itaiunguza vilevile, na tofauti ya bei ndiyo hiyo umeichoma.

Sasa Jozi kuna jambo la ziada. Mji huu uko juu, kama mita 1,750 kutoka usawa wa bahari, karibu sawa na Nairobi. Kanda ya hewa hapa ni nyembamba, msukumo wake ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar. Injini ya kabureta inavuta hewa hiyo hiyo nyepesi, kwa hiyo mchanganyiko unaobanwa ndani ya silinda nao ni mwepesi, na hamu ya kulipuka ovyo inapungua. Ndiyo maana huku bara utakuta pampu za 93 ilhali pwani, Durban na Cape Town, wanauza 95. Si kwamba watu wa bara ni maskini. Gari lenye turbo ni habari nyingine, turbo inajisukumia hewa yenyewe na haijali uko mlimani au baharini, na magari mapya yenye injini za kubana sana fuata kitabu chake. Mkweche wangu hauna turbo. Hauna hata redio.

Somo hili sikulipata kitabuni. Desemba 2011 niliondoka Jozi na tenki limejaa 93, familia nyuma, tukashuka Van Reenen mpaka Durban. Fundi alikuwa amenirekebishia timingi kwa hewa ya Jozi, kaisogeza mbele kidogo ili gari lipate nguvu. Tulipofika Durban, kupanda kilima cha Berea nikikanyaga mafuta, misumari ndani ya kopo! Mke wangu akadhani tumegonga kitu. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye gereji akacheka, akaniambia nyinyi watu wa juu mnakuja kila Krismasi na hewa yenu kwenye tenki. Akarudisha timingi nyuma, akaniambia niendeshe polepole mpaka 93 iishe, nijaze 95. Misumari ikanyamaza.

Hiyo ndiyo oktani. Chapa je? Hapa lazima nicheke kwanza, maana sisi Watanzania kituo cha mafuta tunakiita sheli hata kama bango limeandikwa Agip au Caltex. Kampuni moja ilipata jina la kituo na wengine wote wakawa wapangaji ndani yake.

Jozi kuchagua chapa si kuchagua bei. Bei ya petroli ya rejareja inapangwa na serikali na hubadilika Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na jioni ya Jumanne kabla haijapanda utaona foleni kama za Bongo wakati wa uhaba. Kampuni zote katika eneo moja zinauza bei ile ile. Zinachoshindania ni dawa za kusafishia injini wanazochanganya, choo safi, na pai za moto. Na petroli yenyewe ya huku bara kwa miaka mingi imetoka kwenye mitambo ile ile michache na bomba linalopanda kutoka Durban, kampuni zikibadilishana mafuta kama majirani wanavyokopeshana chumvi. Mpaka mwisho wa mwaka 2003 Sasol walikuwa na pampu yao ndani ya sheli za kampuni nyingine. Nilipofika mimi mwaka 2004 wenyeji walikuwa bado wanazisimulia zile pampu za bluu, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba gari lake lilijua tofauti.

Lakini kuna wakati kuchagua chapa katika nchi hii hakukuwa suala la choo safi. Afrika Kusini haina visima vya mafuta vya maana, ina makaa ya mawe. Mwaka 1950 serikali ikaanzisha Sasol ili kugeuza makaa kuwa petroli, na mwaka 1955 petroli ya kwanza ikatoka Sasolburg, kama kilomita 80 kusini ya hapa. Ilikuwa teknolojia ya Kijerumani, ile iliyoendeshea majeshi ya Hitler alipokosa visima. Kisha Novemba 1973 nchi za Kiarabu zikakata mafuta kwa utawala wa makaburu. Mwendo barabarani ukashushwa hadi kilomita 80 kwa saa, sheli zikafungwa usiku na wikiendi. Aliyewaokoa ni Shah wa Iran, ambaye aliwauzia sehemu kubwa ya mafuta yao, na kampuni ya mafuta ya nchi yake ilikuwa na hisa katika mtambo wa Natref pale Sasolburg. (Baba yake Shah alifia hapa hapa Johannesburg mwaka 1944, akiwa uhamishoni. Nyumba za mji huu zina mambo.) Mwaka 1979 Shah akapinduliwa na bomba la Iran likafungwa. Makaburu wakaikimbilia Secunda, mitambo miwili mikubwa mno ya makaa iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Ndiyo maana mwanzoni mwa Juni 1980 wapiganaji wa Umkhonto we Sizwe walipotafuta pa kuwapiga makaburu paume, walikwenda kwenye matangi ya mafuta, Sasolburg na Secunda usiku mmoja. ANC hiyo ndiyo iliyokuwa na shule yake Mazimbu, Morogoro, mnakumbuka. Na huko Marekani kuanzia mwaka 1986 wapinzani wa ubaguzi waliwataka watu wasijaze mafuta Shell kwa sababu ya biashara yake Afrika Kusini. Mobil ikauza mali zake za hapa mwaka 1989, zikawa Engen. Siku hizi nazo Caltex zimekuwa zikipakwa rangi mpya ya Astron Energy. Mabango yanapita, tangi la ardhini ni lile lile.

Wakati huo huo sisi Bongo tulikuwa na shida zetu, tuliokuwapo tunakumbuka magari binafsi kukatazwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Kwetu Ilala uhaba ulimaanisha madumu. Mzee akipata mafuta anayaweka kwenye madumu stoo, na mteja akija anahamisha kwa mpira. Na mpira lazima uvutwe na mtu. Unaingiza ncha moja kwenye dumu, unanyonya, ukiona mafuta yanakuja unatoa mdomo haraka. Mara nyingine hukutoa haraka. Tulikuwa na zamu, mimi na mdogo wangu. Yeye alianza akiwa na miaka saba.

Hapa ndipo nilipofika na mdogo wangu usiku ule, na ndipo nilipotaka kufika na nyinyi.

Ile super ya mzee ilikuwa super kwa sababu gani? Kwa sababu ya risasi. Kwa Kiswahili neno ni moja, ile ya bunduki na yale madini, na katika habari hii sioni haja ya kuzitenganisha sana. Desemba 1921 mhandisi wa General Motors, Thomas Midgley, aligundua kwamba ukichanganya petroli na kemikali moja yenye risasi, kiasi kidogo tu, injini inaacha kugonga. Februari 1923 ikaanza kuuzwa huko Dayton, Ohio. Wakaipa jina la Ethyl. Neno risasi halikuwekwa kwenye tangazo, na hawakuwa wajinga. Midgley mwenyewe mwaka huo alikuwa amekwenda kupumzika baada ya risasi kumdhuru. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa mtambo mmoja wa New Jersey walirukwa na akili na kufa. Midgley akaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa ile kemikali mbele yao na kuinusa, kuonyesha kwamba haina neno.

Akanawa mikono. Nilisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza miaka kadhaa iliyopita, nikafunga kompyuta nikatoka nje. Mzee wetu alinawa mikono kwa petroli kila siku ya maisha yake ya kazi. Grisi haitoki kwa sabuni ya mbuni. Alisafisha kabureta kwa petroli mikono mitupu, akasafisha plagi, akamalizia kwa kujisugua mpaka viwikoni. Na risasi ile ya kwenye petroli si kama kipande cha bomba, inapenya kwenye ngozi.

Kinachouma ni kwamba njia nyingine ilikuwapo. Tangu miaka ile ile ilijulikana kwamba alkoholi nayo inapandisha oktani. Hapa bara la Afrika Kusini, miaka ya 1980, petroli iliwahi kuchanganywa na alkoholi iliyotoka kwenye mitambo ya Sasol, magari yakatembea. Lakini risasi ilikuwa rahisi, na ilikuwa na wenyewe.

Watoto ndio walioilipia. Risasi ikitoka kwenye eksozi haipotei, inatua kwenye vumbi, vumbi linaingia mdomoni, na kwenye damu ya mtoto inagusa ubongo unaokua. Katika uchunguzi wa Angela Mathee na wenzake uliochapishwa mwaka 2002, zaidi ya robo tatu ya watoto wa shule waliopimwa hapa Johannesburg walikuwa na risasi kwenye damu kufikia au kupita mikrogramu 10 kwa desilita, kiwango kilichokuwa kikihesabiwa wakati huo kuwa cha hatari. Siku hizi wataalamu wanasema hakuna kiwango salama. Cape Town wastani ulikuwa 16 mwaka 1991, ukashuka hadi 6.4 mwaka 2002. Katikati hapo nini kilitokea? Mwaka 1996 petroli isiyo na risasi ilianza kuuzwa nchini.

Ilianza kuuzwa pembeni ya ile ya zamani, na watu wengi hawakuitaka. Mnajua kwa nini? Kwa sababu ya mikweche. Risasi ilikuwa na kazi ya pili: inaacha utando mwembamba kwenye viti vya valvu, pale valvu inapogonga ikifunga. Kwenye injini za zamani zenye viti vya chuma laini, utando huo ulikuwa kama kapeti. Ukiondoa risasi, ukiendesha kwa kasi muda mrefu, valvu inaweza kukila kiti chake. Hilo ni kweli kwa injini hizo. Lakini maneno yakakua, ikawa kila gari la zamani litakufa. Hofu hiyo haikuwa ya hapa tu. Dunia nzima viti vya valvu vilipata watetezi wengi kuliko watoto.

Kilichoivunja kilianzia Dakar, Juni 2001, nchi za Afrika kusini ya Sahara zilipokubaliana kuiondoa risasi. Mwaka uliofuata, ule mkutano mkubwa wa dunia uliofanyika hapa Sandton mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba 2002, ukazindua ushirikiano wa kuisukuma kazi hiyo, ofisi yake ikawa UNEP, Gigiri, Nairobi. Jozi na Nairobi, miji miwili ya hewa nyepesi. Tarehe 1 Januari 2006 Afrika Kusini ikapiga marufuku petroli yenye risasi, na kufikia mwezi huo Afrika yote ya kusini ya Sahara, Tanzania ikiwamo, ilikuwa imeachana nayo. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021. UNEP walikadiria kwamba kuiondoa kunaepusha vifo zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Mimi nilinunua mkweche mwaka 2007, baada ya yote hayo, na bado nikawa muumini. Kwa ajili ya magari ya zamani walitengeneza petroli iliyopewa dawa nyingine badala ya risasi, wenyewe wanaiita LRP. Nikaitafuta kwa bidii. Nikiikosa nanunua chupa ndogo ya dawa dukani na kumimina kwenye tenki, kila mara ninapojaza. Miaka saba, ndugu zangu. Mwaka 2014 gasketi ya silinda hedi ikaungua, nikampelekea fundi wangu Mkongomani, mtu wa Lubumbashi, tunaongea Kiswahili ingawa kila mmoja anadhani cha mwenzake kimepinda. Alipofungua hedi nikamwomba anitazamie viti vya valvu. Akaniita nisogee, akagonga pete ya kiti kwa bisibisi. Chuma kigumu, safi. Akaniambia, "Mkubwa, ulikuwa unanywesha dawa gari lisilougua." Japani walianza kuiondoa risasi kwenye petroli yao miaka ya 1970, kwa hiyo viwanda vyao vilikuwa vimeshaweka viti vigumu kwenye injini nyingi muda mrefu kabla Cressida yangu haijaundwa. Tangu hapo nanunua 93 ya kawaida, sheli yoyote yenye wateja wengi, maana mafuta yasiyokaa kwenye tangi hayachanganyiki na maji wala uchafu. Kama una Morris au Land Rover ya babu, mwombe fundi akuangalizie viti kabla hujanunua chupa yoyote. Kama ni laini, fundi anaweza kukuwekea vigumu, mara moja basi.

Mzee alifariki mwaka 2009. Miaka yake ya mwisho mikono ilikuwa inatetemeka, kikombe cha chai tunamjazia nusu. Akawa mkali bila sababu, halafu anasahau alichokasirikia. Daktari alisema uzee, na huenda ni kweli, hakuwahi kupimwa damu kwa jambo hilo na mimi si daktari. Sisemi ilikuwa risasi. Namwona tu amesimama pale Gerezani jioni, kidumu kilichokatwa mbele yake, anajisugua mpaka viwikoni, ameridhika na siku yake.

Mdogo wangu alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akaniuliza kama ule mpira bado upo. Nikamwambia mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani niliuona, unaning'inia nyuma ya mlango wa stoo, pale pale alipouacha mzee.